Nani Kaingia Kwenye Hesabu?

Pale Kolandoto, barabara kuu itokayo Shinyanga mjini kwenda Mwanza inatoa tawi la kuelekea Mhunze, Lalago hadi Mwanhuzi. Njiapanda hiyo inapitiwa na watu wa kila namna: wanaokwenda Mwadui na Maganzo, wafanyabiashara wa mazao, wagonjwa wanaoitafuta Hospitali ya Kolandoto, ile ya Kanisa la AIC yenye umri wa zaidi ya miaka 100, na wanafunzi wa chuo cha afya kilicho jirani nayo. Tuseme mmoja wa wanafunzi hao anataka kujua ni watu wazima wangapi kati ya 100 wenye shinikizo la damu katika eneo lile. Ana mashine ya kupimia, ana dodoso, ana wiki chache na hela kidogo ya nauli. Aanzie wapi?

Wengi hudhani takwimu huanza pale namba zinapoingizwa kwenye kompyuta. Kwa kweli sehemu kubwa ya kazi imekwisha kuharibika au kutengemaa kabla ya hapo, siku mtafiti alipoamua ampime nani.

Njia inayomjia kichwani kwanza ni rejista ya hospitali. Imeshaandikwa, haihitaji kutembea juani, na ina majina mengi. Lakini presha ni ugonjwa usiouma. Mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi akilima pamba na dengu bila kujua. Aliyemo kwenye rejista ni yule aliyeumwa kitu fulani, akawa na nauli au bima, na akaamini kwamba tatizo lake ni la hospitali wala si la mganga. Ukiwahesabu hao, unapata asilimia ya wenye presha miongoni mwa watu waliovuka vichujio vyote hivyo. Tena kuna mtego mwingine ndani yake, uliofafanuliwa mwaka 1946 na Joseph Berkson wa Mayo Clinic, Marekani. Mwenye magonjwa mawili ana sababu mbili za kufika hospitali. Mwenye moja ana moja. Hivyo magonjwa yasiyohusiana kabisa huko mitaani, tuseme ngiri na presha, yanaweza kuonekana kwenye rejista kana kwamba yanatembea pamoja. Mtafiti asiyejua hili ataandika ugunduzi ambao chanzo chake ni mlango wa hospitali.

Njia ya pili ni kusimama njiapanda na kupima kila anayekubali. Hapo atawapata bodaboda, makondakta, mama ntilie na abiria. Atamkosa bibi asiyetoka nyumbani, mama mwenye mtoto mchanga, na mkulima aliye shambani tangu alfajiri. Wenye umri mkubwa ndio hasa wenye presha, na ndio wasioonekana barabarani. Akipima watu 2,000 pale njiapanda badala ya 200, kosa lake halitapungua hata chembe. Atakuwa tu amelikosea jambo lilelile kwa uhakika zaidi. Hili ndilo watu wanaloliona gumu kuliko yote katika somo hili, nami nadhani ndilo la kulikazia kuliko fomula yoyote: wingi wa watu hauponyi uchaguzi mbaya.

Wakulima wa Shinyanga wanalijua kwa upande mwingine. Karani wa chama cha msingi anayepokea pamba haridhiki na ile iliyo juu ya mzigo. Anazamisha mkono mpaka katikati na chini, maana anajua fifi, pamba ya daraja la chini, hufichwa wapi. Hata angeshika pamba ya juu mara 50, asingejua chochote zaidi ya alichojua mara ya kwanza.

Dawa ya takwimu kwa tatizo hilo ni bahati nasibu. Mwanafunzi wetu aende kwa wenyeviti wa mitaa na vitongoji, apate orodha ya kaya, azipe kila moja namba, kisha aziteue kwa kura: karatasi ndani ya ndoo, au programu ya simu inayotoa namba bila mpangilio. Sharti ni kwamba kila mtu wa kundi lengwa awe na nafasi ya kuchaguliwa, na nafasi hiyo ijulikane ukubwa wake. Bahati nasibu haina mjomba. Haimjui mwenyekiti, haiogopi mbwa, haipendelei nyumba zilizo karibu na lami. Kama orodha ni ndefu, anaweza kuchagua kaya ya kwanza kwa kura kati ya namba 1 na 10, halafu akaruka kumi kumi hadi mwisho. Njia hiyo ni rahisi na mara nyingi ni salama, ilimradi orodha isiwe na mpangilio unaojirudia kwa hatua hiyohiyo.

Kuchagua kaya bado si kumchagua mtu. Usukumani kaya moja yaweza kuwa na mzee, wake zake wawili, vijana wake walioshaoa na wajukuu. Ya jirani yake yaweza kuwa na mwalimu mgeni anayeishi peke yake. Mwanafunzi akipima mtu mzima mmoja tu katika kila kaya, mwalimu yule atapimwa kwa hakika nyumba yake ikichaguliwa, ilhali mtu wa kaya yenye watu wazima sita ana nafasi moja kati ya sita. Akijumlisha hivihivi, wapweke watakuwa na sauti kubwa kuliko stahili yao. Hivyo wakati wa hesabu jibu la yule wa kaya ya watu sita hupewa uzito wa sita. Huo uzito si ujanja wa kupika takwimu, kama wengine wanavyodhani wakiuona kwenye ripoti. Ni malipo ya deni lililotokana na namna ya kuchagua.

Halafu kuna nyumba iliyofungwa. Hapa mwanafunzi aliyechoka hufanya jambo linaloonekana dogo: anabisha nyumba inayofuata. Lakini kufuli hilo lina maana yake. Msimu wa kulima, mwenye nyumba yuko shambani. Rashi ya dhahabu ikisikika upande wa Geita, vijana wamekwenda kwenye maduara, yaani mashimo ya machimbo, na mialo ya kuchenjulia. Anayepatikana nyumbani saa nne asubuhi ni mtu wa aina fulani, na aliyeko machimboni ni wa aina nyingine. Ukimbadilisha huyu kwa yule, umerudi njiapanda bila kujua. Kinachotakiwa ni kurudi jioni, kurudi tena Jumapili, na hatimaye kuandika wazi ni kaya ngapi hazikupatikana.

Kwa mkoa mzima au taifa, hakuna awezaye kuandika orodha ya kila kaya na kuzitembelea zilizotawanyika huku na huko. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hufanya kazi kwa hatua. Katika utafiti wa idadi ya watu, afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2022, nchi iligawanywa kwanza katika matabaka ya mikoa na ya mijini na vijijini, ili pasiwepo mkoa unaosahauliwa na kura. Yakachaguliwa maeneo 629 ya kuhesabia watu, na ndani ya kila eneo kaya 26. Zidisha upate kaya 16,354. Tabaka na eneo ni vitu viwili tofauti ingawa vyote ni kugawa watu mafungu. Katika matabaka unachukua watu kutoka kila fungu, na hilo huongeza usahihi. Katika maeneo unachukua mafungu machache tu na kuyaacha mengine, na hilo huokoa mafuta ya gari lakini hupunguza usahihi, kwa sababu majirani hufanana. Kaya 26 za kitongoji kimoja hunywa kisima kimoja, husomesha shule moja na huugua malaria ya mbu walewale. Hazikupi habari sawa na kaya 26 zilizotawanyika mkoa mzima.

Idadi ya kutosha ni ngapi? Kwa sampuli nasibu ya kawaida, na kwa jambo linalowahusu kama nusu ya watu, ukipima 100 makosa yako yatokanayo na bahati yatakuwa kama asilimia 10 juu au chini. Ukipima 400, asilimia 5. Ukipima 1,000, asilimia 3. Kuyapunguza makosa kwa nusu kunadai uongeze watu mara nne, na ndiyo maana tafiti nyingi hukomea mahali ambapo hela inaanza kuuma kuliko faida. La kushangaza ni kwamba ukubwa wa idadi ya watu wote karibu hauna athari. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 2,241,299 mkoani Shinyanga na 61,741,120 nchi nzima. Watu 400 waliochaguliwa vizuri wanatoa usahihi uleule kwa Shinyanga na kwa Tanzania yote. Kosa ni kuwachukua 400 wa Tanzania yote kisha ukawataka wakwambie habari za Shinyanga peke yake. Humo ndani Wanashinyanga ni kama 15 tu.

Kosa hilo lina mfano uliotuuma. Kwa miaka mingi imeandikwa kwamba Shinyanga inaongoza kwa ndoa za utotoni: asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza 18, ikifuatiwa na Tabora yenye 58. Namba hizo zinatokana na utafiti wa mwaka 2010, uliowahoji wanawake 10,139 nchini. Mikoa wakati ule ilikuwa 26. Gawanya, unapata wanawake wasiofika 400 kwa mkoa, na wa miaka 20 hadi 24 hawazidi sana moja ya tano yao, tuseme 75 au 80. Kwa watu wachache hivyo, makosa ya bahati peke yake ni kama asilimia 11 juu au chini, kabla hujahesabu kufanana kwa majirani. Kwa hiyo 59 inasomeka salama kama kitu kati ya 48 na 70. Tofauti yake na 58 ya Tabora haina maana yoyote. Neno "inaongoza" liliwekwa na waandishi na wanaharakati, na takwimu haikulisema. Zaidi ya hayo, Shinyanga ya 2010 haipo tena. Mwaka 2012 Bariadi, Maswa na Meatu zilikwenda Simiyu, na Bukombe ikaenda Geita. Anayeichukua 59 leo na kuibandika kwa mkoa wa sasa anazungumzia watu ambao wengi wao hawamo. Tatizo lenyewe ni kubwa, na hata 48 ni aibu ya kutosha, hivyo sioni faida ya kulisukuma kwa nafasi ya kwanza isiyothibitika.

Mpaka hapa bahati nasibu imetusaidia kwa jambo moja: kujua matokeo haya ni ya nani. Kuna swali la pili, lenye kazi yake, ambalo sampuli nzuri haiwezi kulijibu peke yake: kipi kimesababisha kipi?

Twende Rwamagasa, mkoani Geita. Wachimbaji wadogo huisaga miamba kwenye makarasha, huinasa dhahabu kwa zebaki, kisha huuchoma mchanganyiko huo ili zebaki iruke kwa mvuke na dhahabu ibaki. Anayechoma ndiye anayevuta mvuke. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwapima watu 180 wa Rwamagasa kwa mkojo, damu na nywele, pamoja na 31 wa Katoro kama kundi la kulinganisha. Kati ya wachomaji 99, waliobainika kuwa na sumu ya zebaki mwilini walikuwa 25, yaani robo. Kwa idadi hiyo, bahati peke yake inaweza kuipeleka robo hiyo kati ya asilimia 17 na 34.

Ulinganisho wa namna hii ni wa kupiga picha ya siku moja, na picha ina vivuli vyake. Mchomaji aliyetetemeka mikono mpaka akashindwa kazi huenda alikwisha kurudi kwao Kwimba au Maswa, hakuwepo kupimwa. Waliobaki kazini ni wenye afya kuliko wenzao, na hivyo robo ile inaweza kuwa pungufu ya hali halisi. Kwa upande mwingine, daktari akifika machimboni kupima watu, anayewahi mstari ni yule ambaye tayari anajihisi vibaya, na hapo robo inaweza kuzidi. Vivuli viwili vinavutana, wala huwezi kujua kwa kukaa mezani kipi kimeshinda. Kisha kuna Katoro. Ni mji wa biashara, na watu wake wanaweza kutofautiana na wa Rwamagasa kwa chakula, kazi, umri na unywaji wa gongo. Gongo nayo hutetemesha mikono. Sababu ya namna hiyo, iliyoambatana na zebaki huku ikizaa dalili zilezile, ndiyo inayowapoteza watafiti wengi. Kilichoupa utafiti huu nguvu ni kwamba haukutegemea dalili pekee. Zebaki yenyewe ilipimwa kwenye mkojo, na gongo haiwezi kuiweka humo.

Je, haingekuwa bora kuwagawa watu kwa kura, hawa wachome zebaki, wale wasichome? Hakuna kamati ya maadili itakayoruhusu, na isiruhusu. Kwa mambo yanayodhuru tunabaki na kutazama: kupiga picha ya siku moja, au kuwafuata watu kwa miaka, jambo gumu machimboni kwa kuwa watu huhama na rashi. Kuna pia njia ya kuanzia kwa mgonjwa na kurudi nyuma. Mwanafunzi wa Kolandoto anaweza kuwachukua wagonjwa wa kifua kikuu na wenzao wasio nacho kutoka vijiji vilevile, akawauliza wote miaka waliyokaa ndani ya maduara. Hapo rejista ya hospitali ndipo inapopata heshima yake, kwa sababu swali limebadilika. Hataki tena kujua ni wangapi wanaumwa. Anataka kujua wanaoumwa wanatofautianaje na wasioumwa.

Kwa mambo yanayotarajiwa kusaidia, kura inawezekana. Kanda ya Ziwa ina mfano unaofundishwa duniani. Mwaka 1991 ulianza utafiti katika Mkoa wa Mwanza wa wakati ule, ambao Geita ilikuwa ndani yake, ukiziunganisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, shirika la AMREF na chuo cha afya na magonjwa ya kitropiki cha London. Swali lilikuwa: kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya vya kawaida kutapunguza maambukizi ya VVU? Huwezi kuboresha zahanati kwa mgonjwa mmoja ukamnyima jirani yake, hivyo waliogawanywa hawakuwa watu mmoja mmoja. Zilikuwa jamii 12, zilizopangwa jozi sita zinazofanana, za visiwani, za mwambao, za kando ya barabara na za vijijini ndani, kisha katika kila jozi kura ikaamua ipi ipate huduma mpya kwanza.

Tazama kwamba bahati nasibu ilitumika mara mbili hapa, kwa kazi mbili. Kura ya kwanza iligawa jamii. Ya pili, ndani ya kila jamii, ilichagua watu wazima wapatao 1,000 wa miaka 15 hadi 54 wa kupimwa na kupimwa tena baada ya miaka miwili. Kura ya kugawa inafanya zile sababu zinazojificha, za pombe, umaskini, uhamaji na hata zile asizozifikiria mtu, zisiwe na upande. Kura ya kuchagua inafanya majibu yawe ya jamii nzima badala ya wale waliojitokeza. Utafiti unaweza kuwa na moja ukakosa nyingine, na mara nyingi ndivyo ilivyo.

Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1995. Kwenye jamii zilizopata huduma, watu 48 kati ya 4,149 ambao hawakuwa na VVU mwanzoni waliambukizwa. Kwenye nyingine ni 82 kati ya 4,400. Hiyo ni asilimia 1.2 dhidi ya 1.9, na baada ya kurekebisha tofauti za mwanzoni, upungufu ulikadiriwa kuwa asilimia 42. Watu walioandikishwa walikuwa zaidi ya 12,500, lakini mtu makini hahesabu hivyo. Kura ilipigwa kwa jozi, basi jozi ndizo za kuhesabu, nazo ni sita. Katika zote sita, jamii yenye huduma ilikuwa na maambukizi mapya machache. Kama huduma isingekuwa na athari yoyote, kila jozi ingekuwa kama kurusha sarafu, na sarafu kuangukia upande wa huduma mara sita mfululizo hutokea mara moja kati ya 64. Hesabu hiyo mtoto wa sekondari anaiweza, nayo inaeleza uthabiti wa utafiti kuliko kurasa nyingi za majedwali.

Hata hivyo karibu asilimia 29 ya waliopimwa mwanzoni hawakupatikana miaka miwili baadaye. Ndiyo ile nyumba iliyofungwa, kwa sura kubwa zaidi, na aliyehama huenda ndiye aliyekuwa katika hatari zaidi. Halafu mwaka 1999 yakaja matokeo ya Rakai, Uganda, ng'ambo ya Ziwa. Huko watu waligawiwa dawa za magonjwa ya zinaa nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi kumi, na maambukizi ya VVU hayakupungua. Watafiti wamebishana sana juu ya hilo. Rakai VVU ilikuwa imeenea mno kabla, na tiba yenyewe ilikuwa ya aina nyingine: ya kampeni, wala si ya zahanati iliyo wazi kila siku. Hakuna aliyedanganya. Kura hutibu upendeleo ndani ya utafiti. Haikupi ruhusa ya kuhamisha jibu kutoka mahali pamoja hadi pengine.

Kwa wanafunzi wa Kolandoto na kwingineko wanaoandaa tafiti zao, ombi langu ni la kichwa cha habari tu. Kama ulitumia rejista, andika "wagonjwa waliofika Hospitali ya Kolandoto", na miezi uliyohesabu. Usiandike "wakazi wa Shinyanga", maana hao hukuwauliza.